Neno la Kukomesha: Uanagenzi na Wepesi katika Filamu ya The Sorcerer's Apprentice

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawana desturi ya kushughulikia filamu za watoto, sembuse filamu za kuchekesha zinazotengenezwa Marekani ili familia nzima izitazame pamoja wakati wa likizo. Zikitajwa katika majarida yetu, hutajwa kwa kupita tu, ama kama mfano wa utamaduni wa kigeni unaowapotosha vijana, ama kama bidhaa ya kibiashara isiyostahili kuhakikiwa. Makala haya yanafuata njia tofauti. Yanakusudia kuihakiki filamu moja ya aina hiyo, The Sorcerer's Apprentice, iliyoongozwa na Jon Turteltaub na kutolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 2010, kwa vigezo vile vile tunavyovitumia kuhakiki ngano, riwaya na tamthilia.

Shabaha hii ilitokana na mjadala katika semina ya wanafunzi wa uzamili. Baadhi ya wanafunzi waliishikilia filamu hii kuwa kazi ya kufurahisha isiyodai zaidi ya inavyotoa, na kwamba kuichambua kwa nadharia ni kuupiga unyoya kwa rungu. Wengine waliitupilia mbali kwa sababu ni nyepesi. Mwandishi wa makala haya aliunga mkono kundi la pili, na baada ya kuitazama tena amelazimika kubadili msimamo. Hoja tunayoitetea hapa ni kwamba makundi yote mawili yalikosea kwa namna moja: yote yalichukulia kwamba wepesi na uzito wa maana haviwezi kukaa chungu kimoja. Kasoro ya filamu hii haimo katika wepesi wake. Imo katika kukichukua kisa cha kale kuhusu kujifunza, na kukiondolea lile jambo linalokifanya kiwe kisa cha kujifunza.

Asili ya kisa

Kisa cha mwanagenzi anayeiga uchawi wa mwalimu wake ni cha kale mno. Maandishi ya zamani zaidi tunayoyajua yanayokisimulia ni ya Lucian wa Samosata, mtunzi wa Kisiria aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya pili baada ya Kristo. Katika kazi yake kuhusu watu wapendao uongo, mhusika anayeitwa Eucrates anasimulia jinsi alivyokuwa kijana nchini Misri akaandamana na mwalimu mmoja, Pancrates, aliyekuwa ameishi miaka 23 chini ya ardhi akifundishwa uganga na mungu Isis. Pancrates alikuwa akichukua mchi, akiuvisha nguo, akiutamkia maneno, na mchi ukawa mtumishi wa kuteka maji na kupika. Eucrates alijificha gizani akalisikia neno hilo. Siku mwalimu wake alipotoka, akauamuru mchi uteke maji. Uliteka, ukaendelea kuteka, na nyumba ikafurika kwa sababu hakulijua neno la kuukomesha. Alipoupasua kwa shoka, vipande viwili vikawa watumishi wawili.

Mambo mawili katika kisa hiki yanatuhusu. La kwanza ni kwamba kimewekwa barani Afrika; kabla ya kuwa mali ya Ulaya na ya Hollywood kilikuwa kisa cha mgeni anayeiba nusu ya elimu ya Mmisri. La pili ni kwamba tangu mwanzo kilikuwa kisa cha kuchekesha. Lucian alikuwa mwanatashtiti, na shabaha ya tashtiti yake katika kazi hii ni wasomi wenye ndevu na heshima wanaoketi barazani wakishindana kwa uongo. Kwa hiyo anayedai kwamba kicheko kimekishusha hadhi kisa hiki hana ushahidi. Kicheko ndicho kilichokizaa.

Goethe alikigeuza kisa hiki kuwa shairi la masimulizi mwaka 1797, akaweka ufagio mahali pa mchi. Miaka 100 baadaye, mwaka 1897, Paul Dukas wa Ufaransa alitunga muziki kutokana na shairi hilo. Muziki huo ndio uliotumiwa katika filamu ya Fantasia ya mwaka 1940, ambamo Mickey Mouse anavaa kofia ya bwana wake na kuuamuru ufagio uchote maji. Filamu ya 2010 ni tawi la mti huo, na yenyewe inakiri nasaba yake kwa kuurudia muziki wa Dukas katika onyesho moja tutakalolijadili hivi punde.

Tukivilinganisha vielelezo hivi vinne, tunaona jambo ambalo wahakiki hawana budi kulizingatia, yaani adhabu ya mwanagenzi. Kwa Lucian, Pancrates anarudi, anavirudisha vijiti kuwa vijiti, kisha anatoweka asionekane tena. Eucrates anabaki mzee mwenye nusu ya elimu: anaweza kuanzisha, hawezi kukomesha. Kwa Goethe mwalimu anarudi na kuurejesha ufagio pembeni, na mwanagenzi amekwisha kukiri unyonge wake. Katika Fantasia, Mickey anachapwa kidogo kwa ufagio huo huo na hadhira inacheka. Katika filamu ya 2010, mwanagenzi anakemewa, na kukemewa huko hakumwondolei mwalimu wala urithi. Kwa karne kumi na nane gharama ya kujua nusu imekuwa ikishuka, hadi ikakaribia kuwa bure.

Mpangilio wa filamu

Kwa faida ya msomaji asiyeiona filamu hii, tutatoa muhtasari wake. Inaanza mwaka 740, Merlin akiwa na wanagenzi watatu: Balthazar, Veronica na Horvath. Horvath anamsaliti bwana wake kwa Morgana, na Merlin anauawa. Veronica anaivuta roho ya Morgana ndani ya mwili wake mwenyewe, na Balthazar analazimika kumfungia mpenzi wake pamoja na adui huyo ndani ya mwanasesere wa tabaka nyingi. Merlin anapokata roho anamwachia Balthazar pete ya joka na kazi ya kumtafuta mrithi wake. Balthazar anazunguka dunia kwa zaidi ya miaka 1000. Mwaka 2000, mjini New York, mtoto Dave Stutler anaingia dukani mwake akifuata karatasi iliyopeperushwa na upepo. Pete inapata uhai na kujizungusha kidoleni mwake. Kutokana na ajali ya mtoto huyo Horvath anatoka kifungoni, na wachawi wawili wanafungiwa ndani ya chungu kwa miaka kumi. Wanapotoka, Dave ni mwanafunzi wa fizikia katika chuo kikuu, kijana mwoga ambaye watu wazima wamekwisha kumshawishi kwamba aliyoyaona utotoni hayakuwa ya kweli. Kuanzia hapo anafunzwa, anapenda, anashindwa, na mwishowe anamwangamiza Morgana.

Msuko huu ni wa ngano, na wanaoufahamu uchanganuzi wa Vladimir Propp wa mwaka 1928 watayatambua majukumu yake mara moja: mtumaji, mtoaji wa kifaa cha miujiza, shujaa, mhasimu na msichana wa kuokolewa. Kuulaumu kwa kutabirika, kama walivyofanya wahakiki wengi wa magazeti, ni kuilaumu ngano kwa kuwa ngano. Hakuna bibi anayesimulia habari za sungura na fisi akiwa na nia ya kumstaajabisha mjukuu kwa mwisho wake. Anachotarajia mjukuu ni kuona jinsi mwisho anaoujua utakavyofikiwa safari hii. Swali la haki ni iwapo njia iliyofuatwa inastahili mwisho huo.

Pete na kichwa: suala la kuchaguliwa

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Balthazar anapomweleza Dave uchawi ni nini, anamwambia kwamba watu wa kawaida hutumia asilimia kumi tu ya ubongo wao, na kwamba wachawi huzaliwa na uwezo wa kuutumia wote. Tukiacha kwamba dai hili la asilimia kumi halina msingi wowote wa kisayansi, tuzingatie kitenzi kilichotumika: huzaliwa. Pete ilikwisha kumchagua Dave kabla hajajifunza kitu. Aliingia dukani akiwa mtoto, akatoka akiwa mrithi. Mafunzo yote yanayofuata ni ya kumwondolea woga ili atambue kile alichokuwa nacho tangu mwanzo, na hatimaye anagundua kwamba hata pete haihitaji.

Sasa linganisha na Eucrates. Yeye hakuchaguliwa na yeyote. Alikuwa na hamu ya kujua, na kukosa subira, na hizo ndizo sifa za kila mwanafunzi. Kisa chake kinatuhusu kwa sababu kingeweza kumpata mtu yeyote. Kisa cha Dave kinaweza kumpata Dave peke yake.

Matokeo yake yanadhihirika katika onyesho la maji. Dave anataka kuisafisha maabara yake ya chini ya ardhi kabla ya kutembelewa na Becky, msichana anayempenda. Anaziamuru fagio na vitambaa vimfanyie kazi, muziki wa Dukas unalia, maji yanafurika, umeme unatishia kuwaua, na Balthazar anaingia kuikomesha vurugu. Onyesho limetengenezwa kwa ustadi na linachekesha kweli. Lakini ukiliondoa, hakuna kitu kinachobadilika katika msuko. Dave hajifunzi neno la kukomesha, wala baadaye hapati haja ya kulijua. Kisa kilichoipa filamu jina lake kimekuwa pambo ndani ya filamu hiyo, kama picha ya babu iliyotundikwa sebuleni na watu wasiokumbuka alikuwa na kazi gani.

Filamu inayojipinga yenyewe

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hana budi kukiri kwamba picha za filamu hii mara nyingine zinasema kinyume cha maneno yake. Onyesho lililo bora kuliko yote, kwa maoni yetu, halina uchawi hata chembe. Dave anamwingiza Becky katika kizimba cha chuma ndani ya maabara, kisha anawasha mitambo ya koili za Tesla ambayo ameitengeneza kwa mikono yake, na cheche za umeme zinatoa muziki. Nikola Tesla aliishi na kufanya kazi mjini New York na akafia humo mwaka 1943, kwa hivyo mtambo huo ni mwenyeji wa mji huo kuliko joka na tai wa chuma wanaoruka katika maonyesho mengine. Kijana huyu alikuwa amezama katika hesabu zake hata asiusikie muziki uliokuwa mbele yake, mpaka upendo ulipomfungua masikio. Uzuri huo hakuzaliwa nao. Ameupata kwa kukesha.

Mwisho wa filamu unalithibitisha jambo hili, ingawa kwa haya. Dave anamshinda Morgana kwa kuunganisha uchawi na elimu yake ya umeme wa mji, na anapourudisha moyo wa Balthazar uliosimama, anafanya kazi inayofanana na ya daktari hospitalini. Hata mzaha wa viatu una maana: Balthazar anamlazimisha Dave avue raba na kuvaa viatu vya ngozi vya kizee, kwa kuwa mpira huzuia mkondo wa nguvu. Mzaha huo unachekesha kwa sababu unachukulia uchawi kama ufundi wenye kanuni, vifaa na nidhamu.

Tunaweza kusema basi kwamba filamu hii ina vinywa viwili. Mazungumzo yanasema uwezo huzaliwa nao. Maonyesho yaliyo bora yanasema uwezo hujengwa. Mgongano huu haukukusudiwa, na ndiyo maana haukutatuliwa. Watengenezaji wa filamu iliyogharimu dola zipatazo milioni 150 walihitaji shujaa ambaye kila mtoto ukumbini angeota kuwa yeye, na kuota umechaguliwa ni rahisi kuliko kuota umefanya bidii.

Mchawi ni nani? Tatizo la istilahi

Jambo lingine hujitokeza mara tu tunapojaribu kulitaja jina la filamu hii kwa Kiswahili. Katika semina yetu mwanafunzi mmoja aliliita Mwanagenzi wa Mchawi, na mwingine akapinga akisema ni Mwanagenzi wa Mganga. Ubishi huo haukuwa wa bure. Kiswahili hakina neno moja linalowakusanya wahusika wote wa filamu hii bila kuwahukumu. Balthazar, aliyepokea kazi kutoka kwa bwana wake kama mtu aliyekabidhiwa mkoba, na ambaye hutumia elimu yake kukinga watu, ni mganga. Horvath, anayenyonya nguvu za wenzake hadi wanakauka, ni mchawi. Naye Drake Stone, kijana mashuhuri anayejipatia fedha jukwaani kwa kuonyesha kipawa cha kweli kana kwamba ni hila, ni mtu wa kiinimacho na mazingaombwe. Lugha ya Kiingereza ya filamu inawaweka wote katika kapu moja kisha inawatenga kwa mavazi. Lugha yetu inawatenga kwa kazi zao.

Tofauti hii ina uzito nje ya kamusi pia. Kati ya wachawi wanaotolewa kifungoni na Horvath yumo msichana mdogo anayeitwa Abigail Williams. Katika historia, Abigail Williams alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na mmoja au kumi na miwili huko Salem, Massachusetts, mwaka 1692, na alikuwa miongoni mwa washtaki wa mwanzo katika kesi ambazo ziliwafanya watu 19 wanyongwe kwa kosa la uchawi. Arthur Miller alimfanya mhusika mkuu katika tamthilia yake The Crucible ya mwaka 1953, inayosomwa katika vyuo vyetu, ingawa alimwongezea umri. Miller alitumia jina hilo kuonyesha jinsi shutuma za uongo zinavyoua. Filamu ya 2010 inalitumia kumwonyesha mchawi wa kweli. Kwa dakika chache, na kwa ajili ya mzaha, inatuambia kwamba Salem palikuwa na wachawi.

Hatudhani kwamba waandishi wa filamu walikusudia kuwatusi waliokufa. Walihitaji jina ambalo hadhira ya Marekani ingelitambua, wakalichukua. Lakini wepesi wa aina hii unawezekana tu mahali ambapo neno mchawi limekwisha kupoteza makali yake. Hapa kwetu halijayapoteza. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Mwanafunzi aliyetetea jina Mwanagenzi wa Mganga katika semina yetu alitoka sehemu hizo, na aliposema kwamba neno lile jingine si la kuchezewa, hapakuwa na aliyecheka. Mfasiri atakayeitia filamu hii Kiswahili kwa ajili ya watoto wetu atakuwa na wajibu ambao waandishi wake hawakuwa nao.

Mwalimu na neno la nusu

Tumesema mwanzoni kwamba mwandishi wa makala haya alibadili msimamo. Sababu haikuwa nadharia. Balthazar anapomtazama Dave akishindwa kuwasha moto kwa mara ya kadhaa, usoni pake tunaona uchovu wa mtu aliyesubiri kwa zaidi ya miaka 1000 na sasa anaogopa kwamba amekosea. Mwalimu yeyote anaujua uso huo. Vile vile kila mwalimu anayajua majaribu yanayoambatana nao: kuamua kwamba mwanafunzi huyu anacho, na yule hana.

Nasi katika taaluma yetu tuna kauli yetu ya kuzaliwa nacho. Mara ngapi tumesikia, na kusema, kwamba malenga huzaliwa wala hafunzwi? Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alinionyesha mashairi yake ya kwanza. Vina vilikuwa vinachechemea na mizani haikutimia. Nilimwambia kwamba ushairi ni kipawa, na kwamba afadhali ajishughulishe na uhakiki. Nilimpa neno la kukomesha kabla sijampa la kuanzisha. Hakuleta shairi jingine. Nilipoisikia filamu hii ikimwambia Dave kwamba alizaliwa na uwezo, nilitambua kwamba kosa lake na kosa langu ni moja, tofauti ikiwa tu kwamba filamu humbembeleza aliyechaguliwa, nami nilimfukuza niliyedhani hakuchaguliwa.

Wahenga wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Methali hii huweza kufasiriwa kama sifa ya nasaba, lakini tukiitazama kwa makini inasifu karakana. Mwana huyo anavuvia kwa sababu yumo kiwandani, mviringo wa viriba umo mikononi mwake kila siku, na moto anauona. Damu peke yake haivuvii moto.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu nyepesi inaweza na inapaswa kuhakikiwa kwa uzito bila kuadhibiwa kwa wepesi wake. The Sorcerer's Apprentice ni filamu yenye ucheshi safi, waigizaji hodari, na angalau onyesho moja la uzuri usiosahaulika. Inafaa kutazamwa na watoto, na mzazi atakayeketi nao hatapoteza muda. Kasoro zake mbili ni kubwa lakini si za kuifuta: imelitumia jina la Salem bila kujali maana yake, na imekibeba kisa cha mwanagenzi huku ikiogopa funzo lake.

Funzo hilo, kama alivyoliacha Lucian, ni kwamba elimu ina pande mbili, na aliyeshika upande wa kuanzisha peke yake ni hatari kwa nyumba yake mwenyewe. Eucrates alizeeka akiwa na nusu hiyo, naye aliisimulia kwa majivuno mbele ya wasomi wenzake. Wanafunzi wetu wa uzamili watakaotaka kuendeleza utafiti huu wanaweza kuanzia hapo: wavilinganishe vielelezo vya kisa hiki na ngano zetu za waganga na wanafunzi wao, waone ni zipi zinazomwachia mwanafunzi neno la kukomesha, na ni mwalimu gani aliyemfundisha.